Kiunganishi Kilichoingia Kutu



Katika sarufi tunasema kiunganishi ni neno linaloshikanisha neno na neno, kirai na kirai, au sentensi na sentensi: na, lakini, ingawa, kwa sababu. Ni maneno madogo, na wanafunzi wengi huyapita haraka wakiyakimbilia maneno makubwa. Leo nitakuomba usimame nami kwenye kiunganishi cha aina nyingine, kile cha plastiki na madini kinachoshikanisha waya na waya ndani ya gari. Jina ni moja na asili ni moja: kitenzi -unga kimezaa -ungana, -ungana kikazaa -unganisha, na kutoka hapo tukapata kiunganishi. Kazi nayo inafanana. Sentensi inaweza kuwa na maneno mazuri matupu, lakini kiunganishi chake kikiwa kibovu maana haivuki kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Gari nalo laweza kuwa na betri nzima, balbu nzima na waya mzima, na bado taa isiwake.

Pengine utauliza mwalimu wa Kiswahili ana shughuli gani na nyaya za gari. Shughuli anayo, tena kubwa, ikiwa anaishi Tororo.

Mji wetu umekaa njiani. Kutoka chini ya ule mwamba unaouona kabla hujaufikia mji wenyewe, barabara moja inakwenda Malaba mpakani, nyingine inaelekea Mbale, na nyingine inashika njia ya Bugiri na Jinja hadi Kampala. Malori yaliyopakia Mombasa kwa ajili ya Uganda, Rwanda, Sudani Kusini na mashariki ya Kongo hupita huku mchana na usiku. Tuna viwanda vya saruji, kwa hiyo tuna vumbi la saruji, ambalo hunywa unyevu wa hewa na kuganda popote linapotua. Tuna mvua, na radi zaidi ya mvua; vitabu vya jiografia huutaja mji huu miongoni mwa miji yenye siku nyingi za radi duniani. Kwa ndugu zetu wa Busia, ambako neno bodaboda lilizaliwa katika miaka ya 1960 kwa wenye baiskeli waliowavusha watu mpaka, hali ni ile ile. Vumbi, maji na safari ndefu: mtu angetaka kuandaa mahali pa kuharibu viunganishi vya magari, asingehitaji kuongeza kitu.

Sasa fikiri jambo hili. Taa za mbele za gari ni za dereva mwenyewe. Zikizimika usiku atajua papo hapo, kwa maana hataiona njia, na atasimama hata kama hana huruma na mtu yeyote. Taa za nyuma si zake. Taa ya breki, indiketa ya nyuma, na ile taa nyekundu ndogo inayosema "nipo hapa", zote zimewekwa kwa ajili ya watu asiowajua. Dereva anaweza kusafiri kutoka Malaba hadi Jinja taa zake za nyuma zikiwa zimekufa, asipungukiwe na chochote. Anayepungukiwa ni yule wa pikipiki anayekuja nyuma, amembeba mama na mtoto, akidhani barabara iliyo mbele yake ni tupu. Katika masomo ya uraia tunazungumza sana juu ya haki zetu kwa serikali na wajibu wa serikali kwetu. Juu ya wajibu wa mtu kwa mgeni aliye nyuma yake gizani tunazungumza kidogo mno, na jambo hilo hunisumbua.

Ukisafiri nasi utaona matawi. Lori likiharibika njiani, utingo hukata matawi ya miti na kuyalaza barabarani hatua kadhaa kabla ya gari. (Hapa na Kenya wengi husema taniboi, katika insha andika utingo.) Ni lugha inayosomwa na kila mtu Afrika Mashariki: tawi bichi kwenye lami maana yake punguza mwendo, kuna jambo mbele. Mchana ni lugha nzuri. Usiku majani hayang'ai, na lori lililokufa umeme huwa ukuta mweusi katikati ya njia.

Niliyajua haya kwa nadharia hadi muhula mmoja tulipowapeleka wanafunzi wa Chama cha Kiswahili kwenye mdahalo mjini Mbale. Tulikodi gari dogo la abiria, lile ambalo Mkenya angeliita matatu na sisi tunaliita taksi. Mdahalo ulichelewa kwisha, na tulipoanza kurudi jua lilikuwa linazama. Tulipokaribia Busiu, pikipiki ilitufikia ubavuni na mpandaji wake akapaza sauti: "Mzee, ukishika breki taa inazima!"

Dereva wetu, mtu mzima mwenye heshima zake, aliegesha pembeni. Nilishuka pamoja naye. Taa ndogo za nyuma zilikuwa zinawaka pande zote mbili. Nilipomwomba akae kwenye usukani na kukanyaga breki, upande wa kushoto uliwaka vizuri, lakini upande wa kulia ulififia karibu kuzimika, na indiketa ya upande huo, ambayo hakuna aliyeigusa, ikaonyesha wekundu hafifu kama kaa la moto linalokufa.

"Mwalimu, gari hili lina mashetani," alisema. "Lakini upande mmoja unawaka. Tutafika."

"Mzee wangu," nilimjibu, "upande unaowaka ni wa kushoto. Tukishika breki, mtu aliye nyuma anaona taa moja ukingoni mwa barabara. Atadhani sisi ni bodaboda, na atatupita kwa kulia, pale pale ulipo mwili wa gari."

"Nina miaka ishirini barabarani, Mwalimu."

"Najua, mzee. Na hawa watoto 12 si wangu. Nimeazimwa na wazazi wao."

Alinyamaza. Si jambo jepesi kumpinga mtu wa umri wa baba yangu mbele ya wanafunzi, nao walikuwa wamebana nyuso zao kwenye vioo wakisikiliza kila neno. Lakini sikupanda garini, na bila mimi kupanda hapakuwa na safari. Mwenye pikipiki, ambaye alikuwa bado amesimama nasi ingawa hatukumlipa chochote, alikwenda Busiu na kurudi na fundi kijana mwenye mfuko wa vifaa na tochi ya kichwani.

Kijana yule alinifurahisha kwa sababu hakuanza kwa kufungua balbu. Alimwomba mzee akanyage breki mara mbili, akaitazama ile indiketa, akacheka kidogo. "Hii si balbu, mzee," alisema. "Umeme umekosa njia ya kurudi nyumbani, sasa unapitia kwa jirani."

Acha nikufafanulie kauli hiyo, maana ndani yake mna somo zima. Umeme unaotoka kwenye betri sharti urudi kwenye betri. Usiporudi haufanyi kazi. Katika magari mengi waya mmoja huupeleka umeme hadi kwenye balbu, na kutoka hapo waya mfupi huufikisha kwenye bodi ya gari, kwa kuwa bodi yenyewe, ambayo ni chuma, imeunganishwa na upande hasi wa betri. Fundi wa kwetu hukuambia "moto" unakwenda kwa waya na kurudi kwa bodi. Balbu za upande mmoja wa nyuma, yaani ile ndogo, ya breki na ya indiketa, kwa kawaida hushiriki waya huo mmoja wa kurudi. Mahali ulipofungwa kwenye bodi pakishika kutu, umeme wa breki hutafuta njia nyingine: hupita kinyume ndani ya balbu ya indiketa, hufuata waya wake hadi kwenye balbu ya indiketa ya mbele, na kurudi kutokea huko. Nguvu iliyokusudiwa balbu moja sasa inagawanywa kwa balbu tatu, na hakuna hata moja inayowaka inavyopasa. Mashetani hayamo.

Alifungua kifuniko cha ndani nyuma ya taa, akaufuata ule waya kwa vidole hadi kwenye bolti iliyoufungia. Palikuwa na unga wa rangi mbili, kahawia kwenye chuma na kijani kwenye shaba. Kiunganishi cha taa chenyewe nacho kilikuwa na ukijani kwenye pini mbili. Alichomoa, akasugua kwa mswaki wa zamani na msasa, akafuta, akafunga, akapaka mafuta mazito kidogo. Nusu saa haikwisha. Alidai shilingi 10,000, na mzee akalipa huku akitikisa kichwa: mwezi uliopita karakana moja ilikuwa imemuuzia balbu mpya mbili na kioo kizima cha taa kwa tatizo hilo hilo.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza kutoka dirishani, "Mwalimu, kutu ni ngeli gani?" I-ZI, mwanangu. Kutu imeingia, kutu imekula chuma. Kwa usahihi kutu ni ya chuma, ile ya kahawia. Ule ukijani wa shaba na ule unga mweupe wa kwenye betri ni vitu vingine kikemia, lakini lugha ya karakana imevikusanya vyote katika neno moja, na sioni sababu ya kugombana nayo.

Kutu hii inatoka wapi? Vyuma viwili vikishikana, macho yako huona vimegusana uso kwa uso. Sivyo. Ragnar Holm, mwanafizikia kutoka Uswidi aliyelichunguza sana jambo hili katika karne ya 20, alieleza kwamba nyuso za metali, hata zilizolainishwa, zina vilima na mabonde, na hugusana kwa kweli katika ncha chache ndogo sana. Umeme wote hupita katika ncha hizo. Ndiyo maana utando mwembamba usioweza hata kuupima kwa rula unatosha kuufunga mlango. Kisha kuna maji. Mwaka 1800 Mwitaliano Alessandro Volta alipanga sahani za zinki na za fedha, akaweka kati yake vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi, akapata betri ya kwanza. Pale shaba ya waya inapogusana na chuma cha bodi, kisha maji yenye vumbi na chumvi yakaingia kati, panatokea betri ndogo ya Volta ambayo hakuna aliyeiomba, nayo hufanya kazi usiku na mchana ikiila ile metali iliyo dhaifu zaidi.

Hesabu yake ni rahisi, na wewe unayesoma fizikia unaweza kuihakiki. Balbu ya breki ya wati 21 katika gari la volti 12 hupitisha takribani ampea 1.75. Ukinzani wa ohm 1 tu ukiongezeka kwenye kiunganishi, karibu volti 1.5 hupotea hapo. Ungedhani hasara ni ndogo, lakini mwanga wa balbu ya uzi hushuka kwa kasi kuliko volti: taa hiyo itapoteza takribani theluthi ya mwanga wake. Kwenye starta mambo ni makali zaidi, kwa sababu starta huvuta zaidi ya ampea 100. Hapo hata ohm 0.02 kwenye kichwa cha betri hula volti 2, na gari linatoa ule mlio wa "tik" na kukataa kuamka. Mwenye gari hununua betri mpya, fundi anapofunga betri mpya anakwangua vichwa vya nyaya, gari linawaka, na kila mtu anaamini betri ya zamani ilikuwa imekufa. Nashuku betri nyingi zimezikwa zikiwa hai.

Ikiwa utaifanya kazi hii, au utasimama karibu na anayeifanya, yajue haya. Gari lizimwe na ufunguo utolewe. Kabla ya kugusa nyaya kubwa, fungua kwanza waya wa upande hasi wa betri, ule wenye alama ya kutoa, na uwe wa mwisho kurudishwa. Sababu yake ni hii: ukianza na upande chanya, na spana yako ikagusa bodi kwa bahati mbaya, umeme wote wa betri utapita katika spana hiyo kwa mkupuo, na cheche zitaruka juu ya betri ambayo hutoa hewa ya hidrojeni. Sigara ikae mbali. Unga mweupe au wa kibuluu kwenye vichwa vya betri umetokana na tindikali, kwa hiyo usiupulize kwa mdomo wala kuugusa kisha ukapangusa macho. Koroga kijiko cha magadi katika kikombe cha maji, mwaga taratibu juu ya kichwa cha betri huku vifuniko vya betri vikiwa vimefungwa vizuri, na utaona povu likichemka. Povu likikoma, tindikali imekwisha. Suuza kwa maji safi, kausha, kisha kwangua kwa brashi ya waya kichwa chenyewe na upande wa ndani wa kishikio chake hadi vyote ving'ae. Hapo kwenye upande wa ndani ndipo wengi wanapoishia njiani. Nimewaona madereva wakimwaga maji ya moto juu ya betri, unga ukayeyuka, wakaridhika. Uso umetakata lakini mahali panapogusana pamebaki vile vile. Wengine humwaga soda ya kola. Hiyo nayo ni tindikali, nyepesi lakini ni tindikali, na sukari yake hubaki ikinata na kuita vumbi.

Viunganishi vidogo vinataka mkono wa upole. Vina ulimi wa plastiki wa kufungia. Ubonyeze, kisha shika plastiki na uvute. Usivute waya. Ukikuta ukijani, tumia mswaki wa zamani na dawa ya kupuliza inayouzwa kwa ajili ya kusafishia viungo vya umeme, au spiriti ikiwa dawa haipatikani, na uache pakauke kabisa kabla ya kuunganisha. Petroli wasikushawishi nayo: huwaka, tena huharibu baadhi ya plastiki na mipira. Msasa ni wa bolti, bodi na vichwa vya betri. Pini nyembamba zilizopakwa bati, fedha au dhahabu usizipige msasa, kwa sababu ukiondoa ule mpako umeondoa ngao yake, na kutu itarudi mapema kuliko ilivyokuja mara ya kwanza. Nyuzi za chuma za kusugulia sufuria nazo hukatika vipande vidogo ambavyo hulala kati ya pini na pini na kuunganisha visivyopaswa kuunganishwa. Mwisho, tazama kama pini zinabana. Kiunganishi kilichotakata lakini kimelegea kitatikisika kwenye mashimo yetu na kuchakaa upya. Ukisha kufunga, paka nje mafuta mazito kidogo, hata yale ya kujipaka mwilini, ili maji yasipate mlango.

Wenye pikipiki wana shida yao ya pekee. Wengi huziosha kwenye vijito na mitoni, au kwa mashine ya maji ya kasi mjini, na maji husukumwa hadi ndani ya viunganishi vilivyo chini ya kiti na nyuma ya taa. Pikipiki inang'aa, na baada ya siku chache taa ya breki haijibu. Kuosha si kosa. Lakini usielekeze maji ya kasi kwenye nyaya, na baada ya kuosha kanyaga breki na umwombe mwenzako aitazame taa.

Kisha yako malori yenyewe. Kati ya kichwa cha lori na trela kuna plagi kubwa yenye pini 7, na katika pini hizo moja ni ya kurudisha umeme. Hiyo ikichafuka, trela nzima huchanganyikiwa. Trela linapoachwa na kichwa kingine kikaja kulichukua, plagi iliyokuwa ikining'inia kwenye vumbi inaingizwa kwenye soketi iliyokuwa ikinyeshewa, na safari inaanza. Malaba nimewaona mafundi wakizisafisha kwa brashi nyembamba ya mviringo, pini moja moja, wakati madereva wanasubiri hati zao. Dereva anatoka Mombasa, fundi ni Mteso au Mjapadhola, utingo pengine ametoka Kigali. Wote watatu wanasemezana kwa Kiswahili, kila mmoja kwa lafudhi yake. Kila mwaka mwanafunzi fulani huniuliza Kiswahili kitamsaidia nini hapa Uganda. Naweza kumjibu kwamba Katiba yetu, tangu marekebisho ya mwaka 2005, inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Siku hizi namwambia kwanza aende Malaba akasikilize watu watatu wakisafisha plagi.

Nizungumze pia juu ya fedha, maana hapo ndipo jambo hili linapokuwa gumu. Nimewasikia madereva wakipiga hesabu waziwazi: nikisimamishwa kwa ajili ya taa nitatoa kitu kidogo, na hicho kitu kidogo ni nafuu kuliko kupoteza nusu siku kwa fundi. Wengine huongeza kwamba wakitengeneza taa watakamatwa kwa kosa jingine, basi kuna faida gani? Siwezi kusema malalamiko hayo hayana msingi. Lakini aliyepokea hongo na aliyeitoa wameachana salama wote wawili, na gari limeendelea na safari likiwa na giza lile lile mgongoni. Mtu wa tatu, aliye nyuma, hakushirikishwa katika mapatano. Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998 inampa polisi mamlaka juu ya gari bovu, lakini polisi hayupo kwenye kila kilomita kati ya Mbale na Tororo. Abiria wapo, katika kila gari. Mwenye pikipiki aliyetufuata siku ile hakuwa na sare wala mshahara wa kazi hiyo.

Kwa hiyo wewe abiria nakupa maneno. Kijana hamwamrishi mtu mzima, na dereva aliyeaibishwa mbele ya abiria hukaza shingo. Usiseme, "Tengeneza taa zako." Sema, "Shikamoo mzee. Samahani, naomba nikutazamie taa za nyuma kabla hatujaondoka." Angalia kitenzi nikutazamie: ile i imeingia kati ili kuonyesha kwamba unafanya jambo kwa ajili yake. Ni kauli ya kutendea, ambayo huwa naifundisha kwa mifano ya kupika na kufua. Mfano huu naona una faida zaidi. Nimeujaribu mara nyingi kwenye kituo cha taksi cha hapa mjini. Wachache hukataa. Wengi hukanyaga breki, kisha hukuuliza, "Zote?"

Na wewe mwenye gari, ikiwa uko peke yako usiku, rudisha gari nyuma hadi karibu na ukuta wowote, washa taa na ukanyage breki huku ukitazama kwenye kioo. Ukuta utakuonyesha wekundu wa pande mbili. Kisha washa indiketa moja moja. Ikiwa upande mmoja umefifia, au kitu kimewaka ambacho hukukiwasha, anza na ule waya wa kurudi kabla hujafungua pochi.

Kazi ya wiki hii: nenda kwa fundi wa umeme wa magari aliye karibu nawe, mwamkie, mwombe ruhusa, na uandike maneno 10 anayoyatumia katika kazi yake pamoja na ngeli zake. Wale wa Busia nawaomba hasa mniletee jina wanalolitumia kwa huo waya wa kurudisha umeme kwenye bodi. Hapa Tororo nimekwisha kusikia majina matatu tofauti, na mafundi wenyewe hawakubaliani.